Hivi "dengue" ni neno letu la Kiswahili, au tunajipa ujiko tu?

#1 Mzizima01
Salaam wakuu.

Juzi tumekaa kijiweni, jamaa mmoja akatoa madai kwamba neno "dengue" wanalolitumia Waingereza na dunia nzima asili yake ni Kiswahili. Eti limetoka kwenye "kidingapopo", likapanda meli pamoja na watumwa, likashukia visiwa vya Karibiani, Wahispania wakalidaka, Waingereza wakalipokea kwa Wahispania. Nikamwambia aache kamba. Akatoa simu, akafungua kamusi ya Kiingereza, na kweli imeandikwa kwamba huenda asili ya neno ni Kiswahili.

Shida yangu ni moja. Ule mlipuko wa 2019 hapa Dar mimi nilikuwa miongoni mwa waliolala chali. Nesi alisema "dengi", majirani "dengi", redio "homa ya dengi". Kidingapopo sikulisikia kwa mtu hata mmoja. Kama neno ni la kwetu, mbona limeturudia kama mgeni?

Wajuzi karibuni. Na kama yapo maneno mengine ya Kiingereza yaliyotoka kwetu, yamwageni hapa, ila mje na ushahidi.

#2 Konda Mstaafu
Mimi ndinga ninayoijua ina magurudumu manne na deni la benki.

#3 AmiMkunazini
Waalaykum salaam. Kidingapopo lipo, wala si la vitabuni. Hapa Unguja wazee wetu wakilisema kabla hamjazaliwa nyote humu. Bibi yangu alikuwa akimwona mtu anatembea amekakamaa viungo, hageuzi shingo, atasema "huyo kashikwa na kidingapopo". Watu wa bara hamlijui kwa kuwa mmelisikia kwanza hospitali, nasi tulilisikia jikoni.

Sahihisho dogo: wako wanaosema "kidinga pepo" badala ya popo. Kidinga ni ule mshtuko wa mwili, kukakamaa ghafla, na pepo ndiye anayeuleta. Popo wameingiaje hapo, Mungu ajuaye.

#4 Kitabu cha Babu
Ami #3 umegusa penyewe. Aliyeliandika neno hili likafika Ulaya ni daktari Mskoti, James Christie, aliyefanya kazi Unguja enzi za masultani. Mwaka 1872 alichapisha makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu ugonjwa alioukuta Unguja mwaka 1870, na akauita jina lilelile alilolisikia kwa wenyeji: "kidinga pepo". Kwa hiyo PEPO ndiyo ya zamani kwa maandishi.

Wazee wa mjini walimwambia kwamba ugonjwa ule si mgeni, uliwahi kupita kama miaka hamsini nyuma, yaani kwenye 1823 hivi. Christie akapiga hesabu: Unguja 1823, halafu 1827 na 1828 ugonjwa unaofanana nao ukafumka visiwa vya Karibiani, na hukohuko ndiko jina "dengue" likaanza kusikika kila mahali. Akaunganisha. Nadharia ya jamaa yako wa kijiweni imeanzia hapo, si stori ya mtandaoni.

#5 Mzizima01
Duh. Kumbe jamaa ana hoja. Asante mkuu #4.

#6 Msoma Nukta
Msimpe jamaa ushindi bado.

Kihispania wana neno lao "dengue", la zamani tu, na maana yake ni madaha. Ule mwendo wa mtu anayejitia, anayevunja shingo na kujinyonganyonga. Mgonjwa wa homa hii viungo vinamuuma, anatembea kwa kujivuta kama bwana harusi aliyevaa viatu vya kubana. Wahispania wakacheka, wakaita madaha. Na visiwa vilivyokuwa chini ya Waingereza watu waliuita "dandy fever", na "dandy" ni yule mtanashati anayejiona. Lugha mbili, mzaha uleule. Kiswahili cha nini hapo?

Halafu kuna hili ambalo wapenzi wa nadharia ya Christie hulipita kimyakimya: mwaka 1801 Malkia María Luisa wa Hispania aliandika barua akisema anaendelea vizuri na ule ugonjwa wa msimu "wanaouita dengue". 1801. Kabla ya Unguja 1823, kabla ya Karibiani 1827. Neno lilishafika ikulu ya Hispania huku meli ya Christie haijang'oa nanga.

#7 Konda Mstaafu
Hapo #4 kapigwa breki ya ghafla 😂 Abiria mshikilie bomba.

#8 Kitabu cha Babu
Sijapigwa popote. Msoma Nukta, hiyo barua isome yote. Malkia anazungumzia mafua na koo linalouma. Huo si ugonjwa wa viungo hata kidogo. Kwa hiyo mwaka 1801 Wahispania walikuwa na neno, na walilitumia kwa mafua ya msimu. Swali linabaki palepale: kwa nini mwaka 1827 neno hilohilo likahamia kwenye homa ya kuvunja mifupa?

Jibu langu: masikio. Mtu akisikia neno geni hulivalisha nguo anayoijua. Sisi tumefanya hivyo mara ngapi? Waingereza waliandika "keep left" kwenye mzunguko wa barabara, sisi tukasikia kiplefti, na kwa kuwa linaanza na ki- tukalipa wingi, viplefti. "Mudguard" tukaisikia madigadi, tukaona hiyo ni wingi, tukakata ma- tukabaki na digadi moja. Wenyewe Waingereza aproni yao ilikuwa "napron", n ikanyofolewa ikahamia kwenye neno lililotangulia. Sasa mtu wa pwani yetu yuko Karibiani, anaumwa, anasema "kidinga", Mhispania anasikia "dengue". Si lazima mmoja awe sahihi na mwingine mwongo.

#9 Msoma Nukta
Mkuu, maelezo yanayokubali kila kitu hayana kazi. Nikikwambia limetoka Kihispania unasema sawa, nikikwambia limetoka Kiswahili unasema sawa. Sasa nitakubishia wapi?

#10 Fundi Saa
Swali la kijinga labda. Huyo mtu wa pwani alifikaje Karibiani? Shuleni tulifundishwa watumwa wa Marekani walitoka Afrika Magharibi, wa kwetu walikwenda Uarabuni na visiwa vya karafuu.

#11 Kitabu cha Babu
Si la kijinga. Wengi wao ndiyo, Magharibi na Kongo-Angola. Lakini Kilwa iliuza watu kwa Wafaransa wa Bourbon (Réunion ya leo) na Mauritius tangu miaka ya 1770. Halafu karne ya 19 ilipoanza na manowari za Uingereza zikaanza kukaba pwani ya Magharibi, wafanyabiashara wa Brazil na Cuba wakazidi kugeukia Msumbiji. Kumbukumbu za Cuba zina watu walioandikwa kwa kabila "Macua". Hao ni Wamakua wetu.

#12 Fundi Saa
Wamakua wanasema Kimakua lakini.

#13 Binti Newala
Nimengoja nione kama kuna mtu atakumbuka kusini. Mmejadili dengi mpaka jasho linawatoka, na neno ambalo halina ubishi kabisa mmelipita kama mnazi wa jirani.

CHIKUNGUNYA. Hilo ni la kwetu Wamakonde na lina cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1952 homa ilipiga vijiji vya uwanda wa Makonde, huku Newala. Watu walipinda migongo, viungo vimekaza. Wenyeji wakaipa jina kwa Chimakonde, likimaanisha ile inayomkunja mtu, na mwaka 1955 madaktari Robinson na Lumsden walipoiandikia dunia wakaliacha jina kama walivyolikuta. Leo ukienda India, Brazil, Italia, daktari anaandika chikungunya kwenye cheti, na hajui Newala ni mboga au ni mji.

Na ninaomba niseme kwa heshima: SI KISWAHILI. Kila siku naona watu wanaandika "a Swahili word". Kingekuwa Kiswahili kingeanza na ki-. Hiyo chi- ni yetu.

#14 Konda Mstaafu
Dada yangu Mmakonde kashuka na panga. Naomba nishuke kituo kinachofuata.

#15 Sista wa Zamu
Niwarudishe wodini kidogo, maana mnachanganya wagonjwa.

Dengi na chikungunya zinaletwa na mbu wa jamii ileile, Aedes, yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni anayeuma mchana. Mgonjwa akija siku za mwanzo ana homa kali, kichwa, viungo, vipele. Kwa macho tu siwezi kukwambia ni ipi, mpaka kipimo. Tofauti kubwa huja baadaye: dengi ikishaondoka mara nyingi imeondoka, au katika hali mbaya inaleta kutokwa damu. Chikungunya huacha maumivu ya viungo kwa miezi, hata zaidi. Mtu anakuja kuchukua dawa, kifuniko cha chupa hawezi kukifungua, mpaka umfungulie wewe.

Sasa mrudie huyo daktari Christie. Wataalamu waliokuja kuyasoma maelezo yake karne ya 20 waliona wagonjwa wake wa Unguja walibaki na maumivu ya viungo muda mrefu. Wengine wakasema wazi: ule wa 1823 na 1870 huenda haukuwa dengi, ulikuwa chikungunya! Kwa hiyo ikiwa ni kweli, kidinga pepo lilikuwa jina la ugonjwa wa akina Binti Newala, na "dengue" likaondoka nalo kwenda kuuita ugonjwa mwingine.

#16 Mzizima01
Sista umeniharibia uzi mzima. Kwa hiyo niliugua ugonjwa wenye jina la ugonjwa mwingine?

#17 Sista wa Zamu
Ulipimwa?

#18 Mzizima01
Nilipewa panadol na maji mengi.

#19 Sista wa Zamu
Basi hata mimi sijui uliugua nini, pole.

#20 MlaMkate wa Mofa
Salama wanajamvi. Lamu hapa. Hiyo chikungunya msiisimulie kama ya mbali, sisi ilitupita 2004. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi kikali, maji ya kutafuta, kila nyumba ina mitungi na mapipa yamejazwa maji ndani na uani, mengine hayana vifuniko. Mbu wakapata raha. Ukenda msikitini safu ya mbele wazee wanasali wamekaa vitini, ukenda sokoni mwuza samaki kakaa, hawezi kushika kisu. Mji mzima ulikuwa ukitembea kama umebeba mtungi kichwani.

Mwaka uliofuata ikavuka ikaingia Ngazija, kisha Réunion, na huko iliwapata zaidi ya watu laki mbili na nusu, karibu theluthi ya kisiwa.

Na jina tuliloliita siku za mwanzo? Hatukuwa nalo. Tulisema tu "homa ya viungo". Kwa hivyo hoja ya Ami #3 kwamba pwani nzima wanalijua kidingapopo, labda Unguja.

#21 AmiMkunazini
Nilisema hapa Unguja. Soma tena ndugu yangu wa Lamu, nyie mna haraka siku hizi.

#22 Jua Kali Daima
Niaje wadau. Mko deep sana na magonjwa. Wacha niwaletee orodha niliipata kwa grupu ya WhatsApp, "Maneno ya Kiingereza yaliyotoka Kiswahili": safari, jumbo, mumbo jumbo, zombie, banana, coffee, Jenga. Kujeni mthibitishe.

#23 Msoma Nukta
Nichambue haraka haraka:

Safari, sawa, Kiingereza kililipata kwetu karne ya 19. Jenga, sawa kabisa, aliyeubuni mchezo ule, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, akaupeleka maonyesho ya vitu vya kuchezea London mwaka 1983. Zombie inahusishwa na Kikongo, si sisi. Banana ni Afrika Magharibi kupitia Wareno na Wahispania. Coffee tunakuja.

Mumbo jumbo ndiyo inanikera. Watu wanasema ni "mambo jambo". Mwingereza Francis Moore aliliandika neno hili kwenye kitabu chake cha 1738 akiwa ametoka mto Gambia. Alieleza jitu lililovaa vazi la magome ya mti, likitoka usiku kuwatisha wanawake wa Kimandinka. Gambia, 1738! Mswahili gani alikuwa Gambia?

#24 Konda Mstaafu
Mswahili yupo kila mahali bhana. Hata mwezini ukifika utakuta mtu anauza kahawa na kashata.

#25 Maskati kwa Muda
Assalaam alaykum kutoka Maskati. Hiyo "safari" msiihesabu yenu peke yenu. Ni safar, Kiarabu, mmeongeza irabu tu mkaipitisha.

#26 Jua Kali Daima
Mmeanza. Mkiulizwa, hata ugali mtasema ni wa Kiarabu.

#27 Maskati kwa Muda
Ugali kaeni nao 😂 Lakini sukari, sifuri, kahawa, hayo mezani mwangu. Sifuri peke yake imewapa Waingereza maneno mawili: sifr iliingia Kilatini, ikafika Italia ikawa "zero", na kwa njia nyingine ikawa "cipher". Mtoto mmoja kaandikishwa shule mbili kwa majina mawili. Na al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilichotoa "algebra", na jina lake mwenyewe likawa "algorithm".

Kuhusu coffee: qahwa, Waturuki wakasema kahve, Wazungu wakaipokea. Zamani qahwa lilikuwa pia jina la mvinyo, ndiyo maana wako wanaosema lilihamishwa kwenye kinywaji kipya.

#28 Fundi Saa
Si nasikia linatoka Kaffa kule Ethiopia, mkahawa ulikoanzia?

#29 Maskati kwa Muda
Inasemwa hivyo. Lakini waulize Wahabeshi wenyewe kahawa wanaiitaje. Bunna. Na Waarabu punje zake wanaziita bunn, na nyie Waswahili buni. Kama jina lilitoka Kaffa, mbona mmea una jina moja pande zote mbili za bahari na jina hilo si Kaffa?

#30 Fundi Saa
Majina ya bidhaa hutokana na bandari au mkoa inakotoka, si lazima mkulima alitumie. Mkulima wa Kyela hasemi anavuna "mchele wa Kyela", lakini Dar gunia lolote zuri ni Kyela.

#31 Maskati kwa Muda
Hiyo nimeikubali nusu.

#32 Kitabu cha Babu
Turudi kwenye "jumbo", maana Msoma Nukta kaliruka. Hapo Kiswahili kina kesi.

Jumbo lilikuwa jina la tembo. Alikamatwa angali mdogo pande za mpaka wa Sudan na Uhabeshi mwanzoni mwa miaka ya 1860, akapelekwa Paris, na mwaka 1865 akabadilishwa na wanyama wengine akaletwa bustani ya wanyama ya London. Akakua akawa jitu, watoto wakipanda mgongoni. Mwaka 1882 London wakamuuza kwa Mmarekani mwenye sarakasi, P. T. Barnum, nchi nzima ikalia, watoto wakamwandikia Malkia Victoria barua wakimsihi auzuie uuzaji. Barnum akabandika jina Jumbo kila ukuta wa Marekani, na tangu hapo kitu chochote kikubwa kikawa "jumbo", mpaka ndege ya Boeing 747. Mwenyewe aligongwa na treni kule Ontario, Kanada, Septemba 1885.

Nani alimpa jina? Inasemekana msimamizi wa bustani, Abraham Bartlett. Na inadaiwa alilitoa kwenye "jumbe" yetu, yaani mkuu, au "jambo" ya salamu. Wakati ule wasafiri Burton na Speke walikuwa wamesharudi kutoka huku, maneno ya Kiswahili yalikuwa yanazunguka kwenye vitabu London.

#33 Msoma Nukta
Niliruka kwa makusudi. Kamusi ya maneno ya mitaani ya London ya mwaka 1823 tayari ina "jumbo": mtu mnene, mzito, asiye na mwendo. Miaka arobaini na ushee kabla ya huyo tembo kukanyaga London. Umletee mtu mnyama mnene mzito, atamwitaje? Kwa jina la mitaani alilolizoea. Na hilo la mitaani pengine lilitokana na mumbo jumbo ile ya Gambia.

#34 Jua Kali Daima
Kuna kamusi nyingine nimecheki sahi, inasema labda ni "nzamba", tembo kwa lugha ya Kongo. Tuko na mtu wa Kongo humu?

#35 Lushois
Yuko. Bonjour wote, niko Lubumbashi.

Hiyo "nzamba" banaiandika sana kwenye kamusi za Kizungu, na kila nikiiona najiuliza waliipata kwa nani. Kikongo ninachosikia kwa rafiki zangu wa Matadi, tembo ni nzau. Kilingala ni nzoku. Labda kuna kijiji au lahaja wanasema nzamba, Kikongo kina lahaja nyingi, siwezi kukataa. Lakini mimi sijamsikia mtu.

Na huku kwetu Tembo ni bia. Nzuri sana.

#36 Konda Mstaafu
Huku kwetu bia inaitwa Ndovu. Haya sasa tumefika Afrika Mashariki yenyewe.

#37 AmiMkunazini
Na tembo lenyewe kabla halijawa mnyama wala bia ya chupa ni la mnazi, linagemwa. Astaghfirullah, sijasema nimelionja.

#38 Binti Newala
Ami tumekuelewa 😂

Nimpe pointi Lushois. Kamusi nyingi zinaandika "kutoka lugha moja ya Afrika" kama vile Afrika ina lugha mbili. Ndiyo maana chikungunya wanaipa Kiswahili: aliyeandika aliona Tanganyika, akahitimisha. Sasa na mimi nitauliza, hiyo kidinga, ina uhakika gani ni Kiswahili kwa asili? Christie aliisikia Unguja, mji wenye Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangazija. Pengine Unguja iliipokea kama ilivyopokea watu.

#39 Kitabu cha Babu
Hilo ni swali zuri kuliko yote humu. Sina jibu la kukata. Nijuavyo, kamusi za wamisionari za zamani zinalo kama neno la pwani, basi.

#40 Sista wa Zamu
Waganda nao wana lao msisahau. O'nyong-nyong, virusi ndugu wa chikungunya, ilipiga Uganda 1959 na jina ni la Waacholi, la kuvunjavunja viungo. Zika ni msitu karibu na Entebbe, virusi vilipatikana huko 1947. Ukihesabu, Afrika Mashariki tumelipa kodi kubwa kwenye kamusi za madaktari.

#41 Jua Kali Daima
Na hakuna anayetupa sifa ya kitu kitamu. Wachina wamewapa chai, Wamexico nyanya na chokoleti, Wahindi shampoo. Sisi: chikungunya.

#42 Maskati kwa Muda
Na safari!

#43 Jua Kali Daima
Ulisema safari ni yenu.

#44 Maskati kwa Muda
Nimewarudishia, tumalize kwa amani.

#45 Fundi Saa
Sista, na Ebola? Nasikia ni mto tu.

#46 Lushois
Hiyo nijibu mimi. Ni mto, kaskazini huko Equateur ya zamani. Ugonjwa ulitokea Yambuku mwaka 1976, na wataalamu hawakutaka kijiji kibebe jina baya milele, wakachukua mto ulio mbali kidogo. Yambuku ikapona kwa jina.

Ila maana yake ndiyo vurugu. Kuna vitabu vinasema ni Kilingala na ni "mto mweusi". Mimi Kilingala nakisema, mto ni ebale, nyeusi ni moindo, sioni hayo mawili yanakutana wapi kwenye "Ebola". Wengine banasema jina la kweli ni Legbala, Kingbandi, na maana yake ni maji meupe, Wafaransa na Wabelgiji ndio waliolisikia vibaya. Mweupe au mweusi, mto ni mmoja. Humu kuna mtu anajua Kingbandi?

#47 Konda Mstaafu
Marehemu Mobutu alikuwa Mngbandi, tatizo hapatikani hewani.

#48 Mzizima01
Shemeji yangu mmoja kaoa Gbadolite, yuko safarini, simu yake inasumbua. Nikimpata nitamuuliza nyeupe au nyeusi. Ila Sista, hicho kipimo cha dengi kinaweza kuonyesha ugonjwa wa zamani, au nimeshachelewa?

#49 Sista wa Zamu
Kipo cha kinga mwilini kinachoonyesha kama uliwahi kupata, lakini virusi vya dengi vina ndugu zake wanaofanana, kama Zika, majibu huweza kuchanganyika. Na kabla hujatumia hela yako huko, nunua neti na umwage maji ya kwenye vifuu na matairi uani.

#50 Fundi Saa
Matairi ya Konda hayo.